Saruji ya Ukuta wa Kaskazini

Asubuhi niliyotoka Maple Grove, pembeni ya Minneapolis, Amerika, sikuwa na mpango. Nilikuwa na begi moja, koti nililopewa na mtu aliyehamia kwenye joto, na nauli ya kunifikisha popote basi litakapogeuzia. Nilikuwa nimefagia sakafu za maduka kule kwa miezi saba, na siku ile niliamka nikaona kwamba sakafu ile nimeshaijua yote. Mimi nikishakijua kitu chote, miguu huanza kuwasha. Ndivyo nilivyoachana na shule nikiwa darasa la sita, ingawa mama yangu na mwalimu mkuu hawakuwahi kukubaliana kama ni mimi niliyeiacha shule au shule iliyoniacha mimi.

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za jengo la mwisho nililolitunza, na ninyi vijana mnaobaki na ngazi zangu mmeniomba niandike. Mmetaka kujua nilianzaje. Nitawaandikia habari za jengo la kwanza tu, kwa sababu mengine yote niliyafanya kwa kuliogopa hilo. Mikono yangu haikunjiki vizuri siku hizi, kwa hiyo msitegemee mapambo.

Basi liligeuzia katika mji mdogo ulio ukingoni mwa mto, mashariki ya Saint Paul. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kaunti yenyewe siitaji. Wenyewe bado wapo na wana kumbukumbu nzuri. Juu ya kilima palikuwa na mahakama ya zamani ya mawe ya manjano, yenye kuba katikati na madirisha marefu yaliyopinda juu kama nyusi za mtu anayeshangaa. Nyuma yake, ikiwa imeungana nayo kama mkia, palikuwa na jela. Nilisimama pale kama nusu saa nikijiuliza aliyechora alianza na ipi.

Chini ya ukuta alipiga magoti mzee mmoja mrefu mwenye suruali ya kazi, ile yenye kanda za mabegani. Alikwaruza chokaa kati ya mawe mawili kwa ukucha wa kidole gumba, akaiweka kwenye ulimi, akafikiri, akatema.

"Ina ladha gani?" nikamwuliza.

Hakugeuka. "Ya mwaka aliozaliwa babu yangu."

"Nzuri?"

"Kuliko babu yangu." Ndipo akanitazama, akaona koti na begi. "Kwenu mnajengea nini?"

"Wenye uwezo, saruji. Wasio na uwezo, udongo. Watu wa kale, chokaa."

"Wewe uko kundi gani?"

"Udongo."

"Basi hujaharibika bado," akasema. "Shika ndoo hiyo."

Huo ndio usaili pekee niliowahi kuufaulu. Jina lake lilikuwa Halvor. Alikuwa mwashi wa tatu katika ukoo wake, na kampuni iliyopewa kazi ya kukarabati mahakama ilikuwa imemchukua kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyebaki anayejua chokaa. Kampuni ilikuwa na vijana wenye mashine. Halvor alikuwa na nyundo, tindo nne na mapipa sita.

Nianze na mapipa, kwa sababu kila kitu kilikuwa humo. Yalikaa chini ya ardhi, katika chumba ambacho zamani kilihifadhi makaa ya mawe. Kila pipa lilikuwa na chokaa aliyoizima Halvor mwenyewe kwa maji, laini kama jibini, imefunikwa kwa maji ya kidole kimoja ili hewa isiifikie. Chokaa iliyozimwa haiozi. Kadiri inavyokaa majini ndivyo inavyozidi kuwa laini na kunata. Pipa la tatu na la nne yalikuwa na chokaa ya miaka sita. Aliyaleta kutoka kwenye uwanja wake mwenyewe, akiyafunga kwa kamba kwenye gari kama anasafirisha ng'ombe mgonjwa. Aliyatenga kwa ajili ya kuta za jela. Siku ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuongeza maji kwenye mapipa yote. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nikamwuliza kama kuna kazi nyingine, akasema ipo, ila sijaistahili.

Nilistahili baada ya majuma mawili. Alinifundisha kutoa chokaa iliyochoka kati ya mawe kwa tindo, kina chake mara mbili na nusu ya upana wa nafasi, bila kugusa kingo za jiwe. Vijana wa mashine walifanya hivyo kwa msumeno wa umeme na kumaliza mita kumi kwa siku. Sisi tulimaliza mbili. Kisha unalowesha nafasi, unaijaza kwa tabaka nyembamba, unasubiri, unaijaza tena, unaipiga kwa brashi ngumu, halafu unaifunika kwa magunia mabichi na kuyalowesha siku tatu kama mtu mwenye homa. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, si kwa jua. Ukiikausha haraka inakuwa unga. Baridi ya kugandisha ikiifikia kabla haijashika, pia inakuwa unga. Kwa hiyo Halvor alikuwa na sheria moja ambayo hata wakubwa wa kampuni walikuwa wameacha kubishana nayo: ikifika katikati ya Septemba, chokaa haigusi ukuta. Kilichobaki wazi kinafunikwa, watu wanaingia ndani, wanasubiri Mei.

Majira ya baridi tulifanya kazi ndani, na hapo nilipata shule niliyoikosa. Sikuacha mlango bila kuufungua. Jela ile ilikuwa nyumba pia. Zamani sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alipewa makazi upande wa mbele, na mkewe alipika chakula cha wafungwa katika jiko lake mwenyewe. Ukutani mwa jiko palikuwa na tundu lenye kifuniko cha chuma, ukubwa wa sahani na kidogo zaidi. Sahani ilipita, kichwa hakikupita. Watoto wa sherifu walilala ghorofani juu ya watu waliotuhumiwa kuua. Halvor alisema tukio lolote la usiku mke ndiye aliyelijua kwanza, kwa sababu sherifu alikoroma.

Seli zenyewe zilikuwa vizimba vya chuma bapa, vimefumwa kama ukili wa mkeka na kupigwa ribiti, misumari minene ya chuma, kila palipokutana. Mlango wa seli haukuwa na ufunguo. Mwishoni mwa ukumbi palikuwa na mtambo wa wenzo, ukiuvuta milango yote kumi na miwili inajifunga kwa pamoja. Bado ulifanya kazi. Niliuvuta mara moja, Halvor akiwa ndani kwa bahati mbaya, na nikajifunza matusi ya Kinorwe, lugha ya ukoo wake.

Upande wa mahakama ulikuwa mwingine kabisa: ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu, dari ya bati lililochorwa maua, kiti cha hakimu kirefu kama mimbari. Lakini jiwe lilikuwa moja. Lote lilichimbwa kwenye gema la mto, mwendo wa kutembea, na waashi wa wakati ule waliacha alama zao nyuma ya mawe ambako hakimu hakuweza kuona. Mmoja alichora mwiba wa samaki. Nilihesabu mawe yake mpaka Halvor akaniuliza kama anayenilipa ni mwiba wa samaki au kaunti.

Nilikaa Oakdale, mji wa jirani, kwenye fleti moja na Onyango, Mkenya aliyekuwa akisoma chuoni na kufanya kazi nyumba ya wazee. Alinibeba asubuhi kwa gari lake lililokuwa na mlango mmoja unaofunguka. Alinicheka sana mimi Mtanzania. "Watu wanakuja Amerika kujenga maghorofa," alikuwa akisema, "wewe Mbongo umekuja kukwaruza jela. Na unaiomba samahani kabla ya kuikwaruza."

"Ina umri wa kuheshimiwa."

"Mimi nina-drive nikiwa na usingizi, usinichekeshe."

Hivyo ikapita miaka miwili na mimi sikuhama. Kwa mtu kama mimi hiyo ni ndoa.

Mwaka wa tatu ulikuja na ukuta wa kaskazini wa jela. Ndio ulioharibika zaidi, kwa sababu haupati jua. Tulitoa chokaa yote ya zamani kuanzia usawa wa madirisha ya juu hadi chini ya paa, nafasi zikabaki wazi kama meno ya mtoto. Tulipanga kujaza mwezi wa Agosti. Wiki ya kwanza ya Agosti nyonga ya Halvor ilikataa kupanda jukwaa. Walimpeleka hospitali, wakamwekea nyonga ya chuma, na ikawa anakaa huko na kwa dada yake, mjini Inver Grove Heights, mpaka apone.

Nikabaki peke yangu na ukuta. Kampuni ilinipa kwanza kazi nyingine ya haraka mbele ya mahakama, ngazi za mlango mkuu, na nilipozimaliza katikati ya Septemba ilikuwa imefika. Nikampigia simu Halvor.

"Funika," alisema. "Magunia, kisha plastiki, funga kwa mbao. Mei tutajaza."

"Utabaki wazi majira yote ya baridi?"

"Umesimama zaidi ya miaka mia. Utasimama miezi minane. Funika."

Hapa ndipo ninyi mnaposoma mnipe masikio. Sikufanya uvivu. Ningekuwa mvivu, ukuta ungepona. Nilitoka katika nyumba ya udongo. Kwetu, mtu akijenga kwa udongo anaomba radhi kwa wageni. Akijenga kwa chokaa wanasema anahifadhi mambo ya babu. Akijenga kwa saruji wanasema amefika. Baba yangu alipaka saruji ukuta mmoja tu, wa mbele, na siku hiyo tulichinja kuku. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile. Miaka miwili Halvor alinieleza kwamba saruji ni adui wa jiwe hili, na mimi niliitikia, lakini moyoni niliamini ni ukaidi wa mzee ambaye hajui shida. Chokaa ilikuwa desturi yake. Saruji ndiyo niliyoiona kuwa heshima.

Na ghalani kulikuwa na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye kazi ya njia ya waenda kwa miguu. Nikaichanganya na mchanga wa mto na chokaa kidogo ya pipa jingine ya kupata rangi. Nilijaribu vipande saba mpaka rangi ikakaa sawasawa na ya zamani. Sijawahi kulinganisha rangi vizuri vile tena. Siku tisa nikamaliza ukuta wote. Kampuni ikaja ikaondoa jukwaa. Nilirudi nyuma hadi barabarani nikautazama, nikaona umefika.

Halvor alirudi Novemba kwa fimbo mbili. Theluji ilikuwa imeshaanguka. Alisimama chini akainua uso.

"Umejaza."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Katikati ya Septemba. Kulikuwa na joto."

"Kwa nini?" Alimaanisha kwa kitu gani, ndivyo alivyouliza siku zote, jina la pipa.

Ningeweza kusema pale. Alikuwa amekonda, na uso wake ulikuwa umeanza kufurahi, na nikaona furaha ile nikaiogopa. Nikasema, "Pipa la tatu."

Akatikisa kichwa polepole. "Ungenisikiliza," akasema. "Lakini pipa la tatu ni zuri." Hakuweza kupanda wala kuteremka kwenye mapipa, na jukwaa halikuwepo. Hata kama lingekuwepo sidhani angekwaruza. Mtu hakagui kazi ya mkono wake mwenyewe, na wakati huo mkono wake ulikuwa mimi.

Jiwe la chokaa linakunywa maji. Mvua ikiingia, zamani ilitokea kwenye viungo, zile nafasi kati ya mawe, kwa kuwa chokaa ni laini na inapumua. Kiungo ndicho kilichochakaa, jiwe likabaki. Mimi niliziba njia ya kutokea. Maji yakabaki ndani ya jiwe, baridi ikaja, yakaganda, yakavimba. Machi, theluji ilipoanza kuyeyuka, nilikuta chini ya ukuta vipande vya manjano, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nikaviokota nikavitia mfukoni. Kesho yake vilikuwa vingi kuliko mifuko yangu. Mwisho wa mwezi mawe yalikuwa yameachia nyuso zake, na kipande cha kumwangukia mpita njia kilikuwa cha ukubwa wa mkono.

Kaunti ikaweka uzio, kisha ikamwita mhandisi. Alikuja asubuhi moja, akapiga picha akiwa chini, akachukua mfuko wa vipande, akaondoka. Ripoti yake ilisema jiwe la jela limeoza kwa uzee na haliwezi kuaminika. Ilipendekeza mahakama ibaki na jela ibomolewe. Baraza la kaunti lilikuwa linahitaji maegesho ya magari tangu zamani. Likapanga kikao cha wazi kabla ya kupiga kura.

Nilimweleza Onyango kwenye gari. Nilikuwa sijamwambia mtu.

"Sikiza," akasema, "ulisema ukweli kwa mimi, imetosha. Si unyamaze tu? Ukuta hauna mdomo."

"Watabomoa jela."

"Ni jela, bana! Kwenu mnalia jela ikibomolewa?"

"Na Halvor?"

Tukafika, akauvuta mlango wake mmoja. "Watakufuta kazi, ndugu yangu," akasema kwa sauti nyingine. "Na mtu wa kukuandikia barua nzuri hutapata. Jua hivyo tu ukiingia."

Niliingia nikiwa nimeamua kunyamaza. Nataka mjue hilo. Niliteremka chini ya ardhi kuongeza maji kwenye mapipa, nikakuta mlango wa nje wa makaa uko wazi na baridi inaingia. Halvor alikuwa ametupa fimbo moja. Kwa mkono uliobaki alikuwa anachota chokaa ya pipa la tatu kwa ndoo na kuimwaga kwenye nyasi nje. Nyasi zilikuwa zimefunikwa, nyeupe, na pipa lilikuwa limefika chini, wala hakuwa amejiuliza mbona alilikuta limejaa; mtu anayejilaumu hahesabu. Nilisikia ndoo ikikwaruza mbao.

"Unafanya nini?"

"Ilikufa," akasema. "Sijui nilikosea wapi. Labda nilipoizima. Labda maji. Nilidhani ninajua." Alikuwa anahema. "Miaka arobaini na mitano, Saidi, halafu unagundua huna mkono. Ni bora kugundua hapa kuliko kwenye kanisa la mtu."

Akasogea pipa la nne. Akafungua kifuniko, akazamisha ndoo.

Nimebeba mawe mengi, lakini hayajawahi kuwa na uzito wa maneno yale. "Acha," nikasema. "Si chokaa."

Akasimama na ndoo ikining'inia.

"Ukuta wa kaskazini ni saruji. Yote. Nilitia rangi. Pipa la tatu halijawahi kugusa ukuta ule."

Alirudisha ndoo ndani ya pipa la nne polepole, chokaa ikarudi mahali pake. Akafunika. Kisha akatazama nyasi.

"Saruji inatoka," akasema. "Kwa tindo, inatoka. Ile," akanyoosha fimbo nje, "ilikuwa miaka sita."

"Najua."

"Hujui. Lakini mimi usiniambie tena. Mimi sipigi kura. Waambie wanaopiga."

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa mahakama, chini ya dari ya bati, saa nane mchana. Wajumbe watano walikaa kwenye benchi la washitakiwa, jambo ambalo ni mimi tu niliyeliona la kuchekesha. Mhandisi alisoma. Watu wa historia walisema mambo mazuri yasiyo na jibu kwa jiwe linaloanguka. Halvor alikaa mstari wa nyuma, hakuomba nafasi. Jina langu liliitwa mwisho, na karani alilivunja mara tatu.

Kiingereza changu hakikuwa kizuri, na sikukitegemea. Nikasema, "Mhandisi amesema jiwe limeoza kwa uzee. Halikuoza. Mimi ndiye niliyeliua, Septemba, kwa saruji, wakati fundi wangu yuko hospitali na amenikataza. Naomba mtoke nje."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini watoke.

"Kwa sababu mtasikia."

Walitoka, nadhani kwa sababu walikuwa wamechoka kukaa. Mtunza jengo alinishikia ngazi ndefu. Nilianza chini, chini ya madirisha, kwenye kiungo cha zamani ambacho hatukukigusa. Nikapiga tindo mara moja. Ilizama bila sauti, kama unapiga mkate. Jiwe lililokizunguka lilikuwa zima, kali kwenye kingo kama lilivyotoka kwenye gema. Nikapanda mpaka juu ya madirisha, kwenye kazi yangu nzuri ya rangi saba. Nikapiga. Tindo ikaruka, na mlio ukaenda hadi barabarani, kama sufuria tupu. Nikapiga tena kulia, tena kushoto. Kila palipolia, jiwe la pembeni lilikuwa limechunika. Nikateremka hatua mbili, palipoanza kazi ya kale. Kimya, na jiwe zima. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuandika kosa lake kwa unyoofu vile.

Mhandisi akavua koti, akaniomba nishuke, akapanda mwenyewe. Alikaa juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na vumbi kwenye tai. "Ningepaswa kupanda mara ya kwanza," aliwaambia wajumbe, na tangu siku hiyo siwasemi wahandisi wote vibaya.

Kura ikawa tatu kwa mbili: jela isibomolewe, ikiwa saruji itatolewa yote na viungo vijazwe upya kabla ya baridi. Msimamizi wa kampuni alinijia pale pale kwenye nyasi. "Utaitoa wewe," akasema. "Yote. Kisha sitaki kukuona."

Niliitoa kuanzia Aprili hadi Julai. Msumeno wa umeme haukuruhusiwa, ungekata jiwe. Saruji niliyoitia kwa siku tisa ilinichukua siku themanini na zaidi; mikono mnayoiona leo haikunjiki ilianzia hapo. Mawe arobaini na mmoja hayakufaa tena. Tuliyatoa, tukayageuza, tukaweka uso wa nyuma mbele, na mawili kati yake yakatoka na mwiba wa samaki. Halvor alikaa chini kwenye kiti akinipa maelekezo kwa maneno ya kazi tu: maji, brashi, kina, rudia. Hakuniambia habari za asubuhi kwa miezi minne. Sikumlaumu. Mtu aliyekufanya uutilie shaka mkono wako hawezi kuurudisha kwa samahani.

Tulijaza kwa pipa la nne. Halikutosha, lilipungukiwa kiasi kile kile kilichomwagwa kwenye nyasi, na sehemu ya juu kabisa chini ya paa tukaijaza kwa chokaa changa ya mwaka mmoja. Ukisimama pale asubuhi utaiona, nyeupe kidogo.

Siku ya mwisho ya Agosti Halvor alipanda jukwaa. Daktari alikuwa amemkataza. Alianza kiungo cha kwanza upande wa kushoto, akakikwaruza kwa ukucha wa gumba, akaweka ulimini, akatema, akaenda cha pili. Nilifikiri atafanya vichache. Alivifanya vyote. Ilimchukua mpaka magari ya wafanyakazi wa kaunti yakaondoka, na mimi nilisimama na ndoo nikisubiri.

"Sasa nakagua," alisema aliponipita, akaendelea na kiungo kilichofuata.

Barua ya kunisifu sikuomba. Kesho yake Onyango alinipeleka kituoni, akanipa mkate na mayai ya kuchemsha, akasema nikifika niandike, Wabongo tunajua kuandika lakini hatujui kutuma. Basi liliteremka kusini kando ya mto, mashamba ya mahindi pande zote mbili, na nilishuka mji ambao jina lake sikulijua mpaka niliposoma kwenye posta. Palikuwa na mahakama ya mawe, ndogo, chafu. Sikuisogelea. Nilitafuta kwanza pa kulala.

Mwenye duka aliniambia kuna mama Mwafrika, muuguzi, anakodisha chumba karibu na reli. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi, amevua viatu. Alikuwa Mkisii wa Kenya, Mama Kerubo, mjane. Alifurahi kusikia Kiswahili, akaficha furaha hiyo haraka.

"Karibu. Kaa hapo. Ulitoka wapi?"

"Huko Minneapolis, mama. Upande wa Saint Paul."

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Uashi. Majengo ya zamani."

"Na uko na barua? Kutoka kwa mwenye ulikuwa unamfanyia kazi?" Alikunja mikono. "Usikasirike. Mimi naishi peke yangu, lazima niulize."

"Sina, mama."

"Kwa nini huna?"

Nilikuwa nimechoka, na uongo ni kazi kama kazi nyingine. Nikamweleza: saruji, uongo wa pipa, chokaa kwenye nyasi, ngazi, miezi ya tindo. Nilieleza mpaka chai aliyonimiminia ikapoa. Alisikiliza bila kunikatiza, kama wauguzi wanavyosikiliza, akitazama mikono yangu zaidi ya uso.

Nilipomaliza alisogeza kikombe changu pembeni. Kisha akainuka, akachukua ufunguo kwenye msumari wa jikoni, akauweka mezani.

"Chumba ni cha nyuma," akasema. "Bafu ni ya pamoja. Jumapili naenda kanisa, nikirudi nalala, sitaki redio." Akanitazama tena. "Na ukuta wangu usiguse. Hata uanguke. Uniite kwanza."